Mikono ya Mwenye Jina

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi, juu ya meza ya daftari la mahudhurio, kwa gundi nyingi kuliko lilivyohitaji. Lilisema kwamba kuanzia mwezi ujao hakuna bahasha tena. Mishahara yote itapita benki, na jina la akaunti lifanane na jina lililo kwenye faili la kazi, majina matatu, kwa mpangilio uleule. Wafanyakazi wa nyumba ya kufulia walilisoma huku wakipiga miayo, wakasaini daftari, wakaenda kuwasha mashine.

Karani wa mishahara alikuwa mtu wa rula. Ukimpelekea barua ya benki, aliilaza juu ya faili lako, akaweka rula chini ya majina, kisha akagonga kwa ncha ya kalamu, moja la benki, moja la faili, moja la benki, moja la faili, mpaka yaishe. Yakifanana alipiga muhuri. Yasipofanana alikurudishia karatasi zako bila kinyongo. Siku hiyo ya kwanza alimrudisha mlinzi wa geti, ambaye benki ilimjua kwa majina mawili na faili kwa matatu. Lililokosekana lilikuwa la babu.

"Babu yangu alikufa zamani," mlinzi alisema. "Hakumdhuru mtu. Benki ilimtoa kwa sababu gani?"

"Sijui. Rudi naye," karani akasema.

Jumatano mlinzi akarudi naye. Alikuwa mzee mfupi, mkimya, aliyekufa miaka arobaini iliyopita, na kofia yake ilikuwa na vumbi kidogo. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka karatasi za mjukuu wake zilipopigwa muhuri, akanywa maji kikombe kimoja, akaaga, akaondoka kwa miguu. Tatizo la mlinzi likawa limekwisha.

La mwanamke wa meza ya tatu halikuwa la kumalizwa na babu. Mwanamke huyo aliitwa Bi Pasi na kila mtu mpaka meneja. Alilisoma tangazo mara moja tu, akaenda chooni, akajifungia, akakaa humo kwa muda. Jina lililokuwa kwenye faili lake lilikuwa la dada yake mkubwa, majina yote matatu, na dada mkubwa hajawahi kushika pasi ya mahali pale hata siku moja.

Ilikuwa hivi. Miaka kumi na tisa iliyopita barua ya kazi ilifika nyumbani kwao kwa jina la dada, kwa sababu dada ndiye aliyemaliza shule akapata cheti. Lakini wiki ileile dada alikuwa amechumbiwa na mwenye duka la vitambaa, na hakuona kwa nini mke wa mwenye duka apige pasi mashuka ya hospitali. "Mimi na mvuke wapi na wapi," alisema. Mama yao, mwanamke ambaye hakuwahi kutupa hata kifungo, akasema barua ya kazi haitupwi. Akamgeukia mdogo. "Nenda wewe. Kazi mbi si mchezo mwema. Jina ni la nyumbani, na wewe ni wa nyumbani." Mdogo akaenda na barua na cheti cha dada, akaonyeshwa meza ya tatu, na hakuna aliyemuuliza neno. Saini ya dada alijifunza kwenye madaftari yake ya zamani ya shule. Kila mwisho wa mwezi alisaini, akapewa bahasha, akaenda nayo nyumbani. Kufika mwaka wa tatu aliacha kukumbuka kwamba ni uongo.

Kitu ambacho hakuacha kukikumbuka ni wivu. Alimwonea dada yake wivu kwa utaratibu, kama mtu anayelipa kodi ya nyumba. Alimwonea wivu wa viatu, wa shule, wa mchumba, na zaidi ya vyote wa mikono. Dada alikuwa na mikono laini, ya vidole virefu, na mama yao alikuwa akiishika mbele ya wageni na kusema chanda chema huvikwa pete. Mikono ya mdogo ilikuwa ipo jikoni wakati huo, inasugua sufuria. Mama huyohuyo alipenda kusema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Bi Pasi hakukonda. Alinenepa vizuri tu, na wivu wake ukanenepa pamoja naye.

Basi mwenye duka akafa. Ndugu zake wakachukua duka, wakachukua mizani, wakachukua hata kiti, na dada akaja na masanduku mawili kupanga chumba kilichotazamana na cha mdogo wake, ng'ambo ya ua. Hakuwa na mtoto. Bi Pasi alikuwa naye mmoja, binti wa miaka kumi na minane aliyekuwa anamaliza shule. Baba wa binti aliaga mapema kwenda kutafuta kazi na kazi hiyo anaitafuta mpaka leo.

Kila jioni Bi Pasi alipotoka kazini, binti alileta kopo la mafuta ya mgando, akaweka mikono ya mama yake mapajani mwake, akaipaka. Ilikuwa mikono ya kusoma kama ramani. Viganja vilikuwa na sugu, vidole vilikuwa na mistari ya moto, na chini kidogo ya kifundo cha mkono wa kushoto palikuwa na kovu dogo la pembe tatu, ncha ya pasi kabisa. Hilo lilikuwa la mwaka wa kwanza. Bi Pasi alikuwa na mimba ya miezi mitano, amesimama mezani, mtoto akapiga teke lake la kwanza, mama akashtuka, pasi ikamgusa. Binti aliijua hadithi hiyo kabla hajajua kusoma. Kila alipofika kwenye kovu alilibonyeza kwa dole gumba na kusema, "Hapa ndipo nilipokupiga teke." Mama alijibu, "Na hujaomba msamaha mpaka leo." Walisema maneno hayo kila jioni, hawakuyachoka.

Siku ya tangazo Bi Pasi alitembea nyumbani akipima. Akikiri, miaka kumi na tisa inafutwa, na kiinua mgongo alichokuwa anamwekea binti wa kwenda chuo kinafutwa nayo, na huenda na polisi wakaitwa. Asipokiri, atafute mwenye jina. Akapiga moyo konde, akavuka ua.

"Dada, nataka uende benki."

Dada alikuwa anapaka rangi kucha. "Kufanya nini?"

"Kufungua akaunti kwa jina lako. Mshahara wangu utapita humo."

"Kwa hiyo leo jina langu lina kazi."

"Lina kazi miaka yote hii."

"Wewe ndiye uliyekuwa na kazi," dada akasema, akapuliza kucha. "Mimi kila asubuhi nakusikia unafunga mlango, nasema moyoni, yule ana pa kwenda. Halafu najigeuza upande wa pili. Unadhani inapendeza?"

Bi Pasi hakuwahi kufikiri kwamba wivu unaweza kuvuka ua kutoka upande ule. Akayaacha hapohapo, akasema benki inafunguliwa saa mbili na nusu.

Dada akaenda. Akapigwa picha, akasaini saini ambayo mdogo wake aliijua kuliko yeye, akapewa kadi. Kadi akabaki nayo, kwa kuwa benki ilimwambia asimpe mtu hata ndugu, lakini aliapa kwamba kila senti ataivusha ua kwa mkono wake. Ni haki kusema hapa kwamba kiapo hicho hakukivunja hata mara moja. Karani akaweka rula, akagonga, akapiga muhuri.

Tarehe ishirini na tano, saa nne kamili asubuhi, karani alitoa kichwa mlangoni akasema, "Imeingia." Bi Pasi alikuwa na jeraha bichi kifundoni mwa mkono wa kulia, la siku tatu, bado lina maji. Karani alipofunga mlango jeraha halikuwepo tena. Ngozi ilikuwa safi. Akaitazama, akageuza mkono, akatazama upande wa pili, kisha akamaliza shuka lililokuwa mezani. Mgongo nao ulikuwa umeacha kuuma, na miguu ilikuwa myepesi kama ya mtu aliyetoka likizo. Mwanzoni alifurahi, tusimsingizie. Nani hafurahi mgongo ukiacha kuuma?

Jioni dada alivuka ua taratibu, mkono mmoja kiunoni. Akamkabidhi hela zote. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, na jeraha lilikuwa hapo, kifundoni, na maji yake.

"Na hiki kimekuja pamoja nazo," akasema.

"Kinauma?"

"Kinauma sana." Alilisema kama mtu anayeonyesha bangili. "Na mgongo, mdogo wangu. Mbona hukuwahi kuniambia kuhusu mgongo?"

"Nilikuambia."

"Labda. Sikusikia." Akakaa kwenye ngazi, akashusha pumzi. Jirani wa chumba cha mwisho akapita na ndoo, akamwona alivyoinama, akamwambia pole na kazi. Dada akaitikia, "Asante, ndiyo maisha." Bi Pasi alikuwa amesimama palepale, na mkoba wa kazini bado begani. Jirani hakumwambia kitu, kwa kuwa alionekana mzima, aliyelala vizuri. Hapo ndipo kijicho kilipomshika. Alijiambia ni upuuzi, mtu haoni wivu wa maumivu ya mgongo. Lakini alikuwa ameuona tayari.

Mwezi wa pili wa malipo ya benki karani alibandika tangazo jingine. Miaka ya bahasha haikuwahi kuingizwa benki, lilisema, kwa hiyo sasa mfumo utalipa malimbikizo, miaka minne kwa mwezi au karibu na hapo, kuanzia ya karibuni kurudi nyuma, mpaka siku ya kuajiriwa. Malipo si ya fedha kwa kuwa fedha zilikwishalipwa. Wafanyakazi wengine hawakujali. Akaunti zao zilikuwa na majina yao, kwa hiyo kilichowatoka kiliwarudia palepale walipokuwa, na wengi hawakuhisi zaidi ya kuwashwa kidogo.

Bi Pasi alipiga hesabu amesimama mbele ya tangazo. Kovu la pembe tatu lingeondoka mwezi wa sita. Akauvuta mkono wa shati mpaka kwenye vidole, akarudi mezani.

Ikaingia ya mwezi wa pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Makovu yalimtoka kwa mpangilio, kama watu wanaoshuka kwenye basi. Liliondoka la mwaka wa homa, likaondoka la siku umeme ulipokatika ukarudi ghafla, yakaondoka matatu ya mwaka ambao mashine ya mvuke ilikuwa mbovu na hakuna aliyeitengeneza. Sugu zikalainika. Kufika mwezi wa tano alikuwa na mikono laini, ya kuvikwa pete, mikono ileile aliyoitamani akiwa msichana jikoni, na aliichukia kiasi kwamba alikula kwa kijiko hata vitu visivyohitaji kijiko. Mlinzi wa geti, ambaye alimjua miaka yote, siku moja aliitazama mikono hiyo akamuuliza amekuja kumwona nani. Kisha akaomba radhi, akamfungulia. Siku mbili baadaye akamuuliza tena.

Kazi yenyewe haikupungua. Aliungua kama kawaida, na majeraha mapya alikaa nayo mpaka tarehe ishirini na tano. Alianza kuyatunza. Aliyafunga kitambaa, akayafungua jioni kuyaangalia, akamficha dada yake ili asiyatamani kabla ya tarehe. Lakini hayakuwa na siku nyingi, na lililopatikana tarehe ishirini na nne lilikaa naye siku moja tu.

Dada sasa alikuwa mtu mwingine. Alizungumza habari za mvuke na wanga, na alizungumza sawasawa, maana mikono ilikuwa inajua. Alieleza wapangaji wenzake namna ya kukunja shuka la kona bila msaidizi. Watu walimletea uji. Kila aliyepita alimwambia pole na kazi, naye kila mara aliitikia. Bi Pasi alikuwa anasikia yote hayo kupitia dirishani akiwa anajikaza kisabuni, huku ameshika sufuria kwa nguvu kuliko sufuria ilivyohitaji.

Na binti alianza kuvuka ua na kopo la mafuta. "Mikono ya mama mkubwa inauma usiku kucha," alieleza. "Yako imepona, mama." Alikuwa binti mwema, aliyelelewa kwenda penye maumivu, na mama yake ndiye aliyemlea hivyo. Alianza na mama mkubwa, kisha akarudi kwa mama, akalibonyeza kovu moja lililobaki, akasema maneno yake. Lakini alikuwa anarudi na mafuta kidogo, yaliyobaki kwenye vidole.

Bi Pasi akaomba ruhusa ya nusu siku, akaenda benki. Akapanga foleni, akafika dirisha la tatu, ambako binti wa benki alimkaribisha vizuri.

"Nataka kutoa kovu," Bi Pasi akasema.

"Lako, mama?"

"Langu. Lakini mengine yamewekwa kwenye akaunti ya dada yangu. Nataka yaliyoingia yatoke, na moja lililobaki lisiingie."

Binti wa benki akabonyeza, akasoma. "Mwenye akaunti aje mwenyewe na kitambulisho. Na hata yeye, hela ndiyo inayotoka. Hivi vingine vikishaingia vimeingia. Mwajiri analeta vyote vya kazi, sisi tunatazama jina tu." Kisha akamwonea huruma. "Ungefungua akaunti ya jina lako."

"Ninayo."

Akampa namba. Binti wa benki akatazama. "Ndiyo, ipo. Ina akiba kidogo ya shule, na alama ya kisu cha jikoni, kidole cha pili." Bi Pasi akatazama kidole cha pili. Kweli alama ilikuwapo. Akashukuru, akampisha aliyefuata.

Likabaki jambo moja, lile alilolikimbia chooni siku ya kwanza. Zikiwa zimebaki wiki mbili mwezi wa sita utimie, alivuka ua akamwambia dada, "Twende kwa karani ukaseme ukweli."

"Mkono mtupu haulambwi, mdogo wangu," dada akasema. "Mimi nimekaa na mikono mitupu miaka mingapi? Sasa hivi tu ndiyo watu wananiuliza nimeamkaje." Akaitazama mikono yake, akaikunjua, akaikunja. "Lakini sitakuwa mwongo. Twende."

Wakaenda. Dada alivaa gauni zuri na akatembea ameinama. Bi Pasi akafunga mlango wa ofisi, akasema yote kwa pumzi moja, barua, cheti, saini, mama yao na kifungo chake. Karani alisikiliza bila kuinua nyusi, kisha akamwomba aweke mikono mezani. Akaipima kwa rula.

"Hii ni mikono ya likizo," akasema.

"Mimi sijapiga pasi hapa hata siku moja," dada akasema. "Kazi yote kafanya huyu. Naapa."

"Tutaona." Karani akatoa daftari la ajali, ambalo kila aliyeungua kazini aliandikwa, tarehe, mkono upi, ukubwa gani. Akailaza mikono ya dada juu ya daftari. Akaweka rula, akagonga, mstari wa daftari, kovu la mkono, mstari wa daftari, kovu la mkono. Ilimchukua karibu saa nzima na hakuruka hata moja. Alipomaliza akamtazama dada kwa heshima, akasimama, akampa kiti.

"Bi mkubwa, unyenyekevu ni jambo zuri, lakini daftari ni daftari. Miaka kumi na tisa, na yote yako hapa. Limebaki moja tu, la mwaka wa kwanza, mkono wa kushoto. Tarehe ishirini na tano litaingia." Akamgeukia Bi Pasi, wala hakuwa mkali. "Na wewe kesho usichelewe. Meza ya tatu ina mashuka ya siku mbili. Ukitaka kuajiriwa kwa jina lako kuna fomu, ila utaanza na siku ya kwanza, na sasa hivi hatuajiri."

"Na kiinua mgongo?"

"Cha mwenye jina. Kitaingia kilekile kinakoingia."

Walitoka. Getini dada alisimama kupumzisha mgongo. Alikuwa amesema ukweli, hakuna wa kumlaumu, na ukweli haukukubaliwa. Bi Pasi alimtazama usoni akaona kitu ambacho dada alikuwa anajaribu kukificha bila kufanikiwa. Dada alikuwa amefurahi. Mlinzi wa geti akampigia saluti dada, akamwambia pole na kazi.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tano Bi Pasi alimwamsha binti yake mapema. "Bonyeza hapa," akamwambia. Binti akabonyeza, macho bado yana usingizi, akasema hapa ndipo nilipokupiga teke. Bi Pasi akasema na hujaomba msamaha mpaka leo. Akalifunga kovu kwa kitambaa safi, mafundo mawili, akaenda kazini.

Saa nne kamili karani alitoa kichwa. "Imeingia."

Alifungua mafundo kwa meno. Chini ya kitambaa hapakuwa na kitu. Alitafuta kwa kidole mahali lilipokuwa, na hakuweza kusema ni hapa au ni hapo. Akavuta shuka jingine. Dakika chache baadaye ncha ya pasi iliugusa mkono wa kushoto, na yeye hakuharakisha kuutoa. Mwenzake wa meza ya pili akaenda kuandika kwenye daftari la ajali, jina, tarehe, mkono upi. Bi Pasi akapiga hesabu. Jeraha limepatikana baada ya saa nne, kwa hiyo atakaa nalo mwezi mzima.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu ya paa. Dada alikuwa amekaa kwenye ngazi, na binti chini yake na kopo la mafuta, mikono ya mama mkubwa mapajani. Binti alikuwa anapaka kwa mzunguko ule aliouzoea, viganja, vidole, kifundo. Dole gumba likafika chini ya kifundo cha mkono wa kushoto, kwenye pembe tatu, likabonyeza.

"Hapa ndipo nilipokupiga teke," akasema, kwa mazoea. Kisha akainua macho, akamwona mama yake amesimama uani na mkoba.

Dada hakumtazama mtu. Mkono wake wa pili ulikuwa tumboni. "Ulipiga kweli," akasema kwa sauti ndogo. "Nimelisikia leo saa nne. Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni, nikashtuka." Macho yake yalikuwa na machozi, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta.

Bi Pasi alikuwa amemwonea dada yake wivu wa viatu, wa shule, wa mchumba, wa mikono laini, kisha wa mikono mibaya. Alidhani anajua wivu mwisho wake ni wapi. Alisimama pale akausubiri upite, haukupita.

Dada akakumbuka, akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni. "Hela zako hizi hapa. Zote."

Bi Pasi akazipokea. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto mbele ya binti yake, jeraha likiwa bichi, jekundu, na pembe zake tatu. "Na mimi leo nimeungua," akasema.

"Pole, mama," binti akasema, na alimaanisha. "Nakuja. Namalizia huu mkono."

Bi Pasi akakaa kizingitini mwa mlango wake, ng'ambo ya ua, mkono ukiwa gotini, akasubiri. Jirani wa chumba cha mwisho akapita katikati yao na ndoo yake. Akasema pole na kazi, na dada akaitikia.